Mkeka, Upatu na Kodi: Kiu ya Fedha za Mkupuo Afrika Mashariki

Mjadala wa michezo ya kubahatisha katika Afrika Mashariki umezoea kuendeshwa na pande mbili zisizosikilizana: viongozi wa dini na wazazi, wanaoiona kamari kuwa uovu unaowapoteza vijana, na maofisa wa hazina, wanaoiona kuwa chanzo cha mapato ambacho ni wapiga kura wachache watakaojitokeza hadharani kukitetea. Katikati ya pande hizo pana swali ambalo wanauchumi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 70, nalo ni kwa nini mtu mwenye kipato kidogo, ambaye sokoni hubishania bei ya fungu la nyanya hadi shilingi ya mwisho, hununua kwa hiari yake kitu ambacho kwa wastani humrudishia pungufu ya alichotoa. Hoja ya haramu na halali ina uzito wake na haihitaji ushahidi wa takwimu ili isimame. Lakini serikali ikishaamua kuruhusu mchezo na kuutoza kodi, haiwezi kukwepa kuuliza mchezaji ananunua nini hasa, kwa kuwa jibu ndilo linaloonyesha kodi hiyo inamwangukia nani.

Milton Friedman na Leonard Savage walilianzisha suala hili rasmi mwaka 1948 kwa kuonyesha kitendawili ambacho nadharia ya wakati huo haikuweza kukitegua: mtu yuleyule hukata bima ya nyumba, yaani hulipa ili aondokane na hatari, na siku hiyohiyo hununua tiketi ya bahati nasibu, yaani hulipa ili aipate hatari. Wao walidhani kwamba thamani ya fedha machoni pa mtu haipungui kwa mwendo mmoja kadiri anavyotajirika, na kwamba kuna kiwango cha utajiri ambacho kukifikia humpandisha mtu tabaka zima, hivyo anakuwa radhi kukinunulia nafasi finyu. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walileta maelezo mengine, yaliyojengwa juu ya saikolojia, kwamba binadamu huipa nafasi ndogo uzito mkubwa kuliko inavyostahili, kiasi kwamba nafasi moja katika elfu moja huhisiwa kama kitu kilicho karibu kabisa na mkono. Maelezo hayo ya pili ndiyo yaliyoenea zaidi, na ndiyo yanayowapendeza watunga sera, kwa sababu yanamfanya mbashiri aonekane kuwa mtu aliyekosea hesabu na anayehitaji kukingwa dhidi ya nafsi yake.

Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1965, Ng Yew-Kwang aliandika makala fupi ambayo haikupata umaarufu sawa na huo, ingawa inafanana zaidi na maisha ya Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi. Hoja yake ilikuwa kwamba vitu vingi vyenye uwezo wa kubadili maisha ya mtu haviuzwi vipande vipande: hakuna nusu pikipiki inayobeba abiria, wala robo ya kiwanja inayojengeka, na karo ya mwaka haimpatii mtoto cheti ikilipwa muhula mmoja tu. Mtu ambaye kipato chake kinamtosha kula lakini hakimtoshi kufikia bei ya kitu kama hicho ana fedha za ziada ambazo, zikibaki jinsi zilivyo, hazimsaidii sana. Kwake shilingi elfu moja ya leo ina thamani ndogo kuliko sehemu yake katika shilingi milioni tatu, hata kama sehemu hiyo ni ya kubahatisha. Ikiwa benki haimkopeshi na nyumbani akiba haikai, basi kubahatisha kunaweza kuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu ambaye njia bora zimefungwa mbele yake.

Kwa muda mrefu wazo hilo lilibaki kwenye karatasi, hadi Sylvan Herskowitz alipolipima Kampala kwa kuwafuatilia zaidi ya wanaume 1,700 wanaobashiri michezo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Kwanza, kiasi ambacho wabashiri walilenga kushinda hakikuwa cha kubuni tu, kwani kilihusiana na bei ya kitu walichopanga kukinunua, kiwe mtaji au chombo cha kazi. Pili, waliposhinda, fedha zilielekea zaidi kwenye manunuzi ya mkupuo kuliko kwenye matumizi ya kila siku, jambo linalopingana na imani iliyozoeleka kwamba fedha za kamari huja na kuondoka na upepo. Tatu, mtafiti aligawa kwa bahati nasibu njia rahisi ya kuweka akiba kwa baadhi ya washiriki, kisha akawapa nafasi ya kuchagua kati ya fedha taslimu na tiketi za kubeti. Waliopata njia ya kuweka akiba walipunguza hamu ya tiketi. Na nne, washiriki walipokumbushwa juu ya kitu kikubwa walichokitamani, hamu hiyo iliongezeka. Kama tatizo lingekuwa kutojua hesabu peke yake, njia ya kuweka akiba isingekuwa na la kufanya hapo.

Hii haina maana kwamba wabashiri wote ni wawekezaji waliojificha. Uraibu upo, na matangazo ya kampuni hayatungwi kwa ajili ya kumsaidia mtu kununua pikipiki. Lakini matokeo ya Kampala yanawalazimisha wachambuzi kuilinganisha kamari na kitu sahihi, na kitu hicho ni upatu, ambao baadhi ya watu huuita mchezo na ambao Kenya ni sehemu ya kazi za chama. Mwaka 1993 Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury walionyesha kihisabati faida ya mpango huu: watu kumi wanaotoa shilingi 20,000 kila wiki wanapata chungu cha 200,000 kila wiki, na mpokeaji akichaguliwa kwa kura, wote isipokuwa wa mwisho wanakifikia kitu chao mapema kuliko kama kila mmoja angejiwekea peke yake. Jambo ambalo wachambuzi wa kamari hulisahau ni kwamba upatu wa kura nao ni bahati nasibu. Tofauti ni kwamba kila aliyeingia anashinda mara moja, na hakuna mchezeshaji anayekata chake kabla ya chungu kugawanywa.

Utafiti wa Siwan Anderson na Jean-Marie Baland uliofanywa Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2002, uliongeza kwamba wanachama wa upatu wengi wao ni wanawake, na kwamba sababu mojawapo ya kujiunga ni kuziondoa fedha ndani ya nyumba kabla mume hajazifikia. Ukiusoma utafiti huo sambamba na ule wa Kampala, ambao washiriki wake wote ni wanaume, unajiuliza kama jinsia mbili hazitafuti mkupuo uleule kwa milango tofauti, mwanamke akiwa na majirani wanaomfahamu na kumdai kila wiki, na kijana wa bodaboda anayehamahama akiwa na simu peke yake. Ni dhana tu, lakini ni dhana inayostahili kupimwa kuliko nyingi zinazorushwa bungeni.

Gharama ya mlango wa pili, ule wa kamari, ndiyo inayofichika. Kampuni ya ubashiri hupanga odi, yaani kizidisho cha dau ambacho mshindi atalipwa, kwa namna ambayo jumla ya malipo inayotarajiwa ni pungufu ya dau zote zilizowekwa, na pengo hilo ndilo kato lake. Ikiwa kato ni asilimia 6 kwa mechi moja, anayeweka shilingi 100 anatarajia kwa wastani kurudishiwa 94, bei ambayo kwa huduma ya burudani haishangazi. Lakini anayetafuta mkupuo hachezi mechi moja. Anasuka mkeka, yaani tiketi moja inayounganisha mechi kumi, ili odi zizidishwe, bila kuona kwamba kato nalo linazidishwa mara kumi, na kile anachotarajia kurudishiwa kinashuka hadi kama 54. Katika jakpoti ya mechi 17, ambapo kila mechi ina matokeo matatu, michanganyiko iwezekanayo inafika 129,140,163, na hata mjuzi wa soka ambaye hupatia nusu ya mechi zote anazotabiri ana nafasi moja katika 131,072 ya kuzipatia zote 17. Ukweli kwamba ndoto kubwa huuzwa ghali kuliko ndogo ulithibitishwa kwa data nyingi na Erik Snowberg na Justin Wolfers mwaka 2010, walipochambua mamilioni ya matokeo ya mbio za farasi Marekani na kukuta kwamba anayemchezea farasi anayepewa nafasi kubwa hupoteza takriban asilimia 5.5 ya dau lake, ilhali anayemchezea farasi mwenye odi ya 100 kwa moja au zaidi hupoteza takriban asilimia 61. Kwa maneno mengine, anayehitaji mkupuo ndiye anayelipa kato zito kuliko wote, hata kabla serikali haijaingiza mkono.

Serikali nayo ikiingia, inaweza kushika mahali patatu tofauti, na majina ya kodi hizo yanafanana kiasi cha kuwachanganya hata waandishi wa habari. Kodi ya pato ghafi hutozwa kwenye kile kinachobaki kwa kampuni baada ya kuwalipa washindi. Ushuru wa bidhaa juu ya dau hutozwa kwenye kila shilingi inayowekwa, ishinde isishinde. Na kodi ya zuio hukatwa kwenye ushindi. Asilimia hazilinganishwi moja kwa moja. Katika mfano wa mechi moja uliotolewa hapo juu, kodi ya asilimia 35 ya pato ghafi inaipa hazina shilingi 2.10 kwa kila dau la 100, ilhali ushuru wa asilimia 20 wa dau unaipa shilingi 20, na mbashiri ambaye alikuwa akipoteza 6 kwa wastani anaanza kupoteza 24.80, kwa kuwa kato nalo linaendelea kuhesabiwa kwenye 80 zilizobaki. Kodi yenye namba ndogo ndiyo inayopandisha bei ya mchezo zaidi ya mara nne.

Kenya imezipitia karibu njia zote hizo katika muda usiozidi muongo mmoja. Mwaka 2017 serikali ilitaka kodi ya asilimia 50 ya pato ghafi, ikaishia kwenye 35 kuanzia Januari 2018, na kabla mambo hayajatulia kiwango kikashushwa hadi 15. Mwaka 2019 ukaja ushuru wa asilimia 20 juu ya dau, ukafutwa katikati ya 2020, ukarudi mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na kufika 15 mwishoni mwa 2024. Kwa mtafiti, mabadiliko ya namna hii ni hazina ya data, kwa sababu kila badiliko ni jaribio ambalo mtu anaweza kulitumia kupima ni kwa kiasi gani mahitaji ya kubeti hupungua bei inapopanda. Kwa mlipa kodi ni dalili kwamba hakuna aliyeamua kama lengo ni kuwakatisha watu tamaa ya mchezo au ni kukusanya fedha, malengo mawili yanayopingana, kwa kuwa kodi inayofanikiwa kuzuia haikusanyi, na inayokusanya vizuri ni ile ambayo imeshindwa kuzuia.

Hapa ndipo suala la ugawaji upya wa mapato linapojitokeza, yaani kitendo cha dola kuchukua kwa wenye nacho na kuwapa wasionacho kupitia kodi na matumizi ya umma. Kodi za kamari zina sifa mbaya katika fasihi ya uchumi, kwa sababu mwenye kipato kidogo hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko tajiri. Charles Clotfelter na Philip Cook waliliweka hilo wazi kwa bahati nasibu za majimbo ya Marekani katika kitabu chao cha mwaka 1989. Melissa Kearney, akilinganisha majimbo kabla na baada ya kuanzisha bahati nasibu, alikuta mwaka 2005 kwamba fedha za tiketi hazikutoka kwenye kamari za aina nyingine, bali zilikatwa kwenye matumizi ya kawaida ya familia. Hata hivyo, nani analipa ni nusu tu ya hesabu, na nusu ya pili ni nani anapokea. Jimbo la Georgia, lililoanzisha bahati nasibu yake mwaka 1993 na kuelekeza mapato kwenye ufadhili wa masomo ya chuo, ni mfano unaofundisha zaidi: Ross Rubenstein na Benjamin Scafidi walionyesha mwaka 2002 kwamba familia za kipato cha chini na zisizo za wazungu zilinunua tiketi zaidi, wakati manufaa ya elimu yalielekea zaidi kwa familia za wazungu wenye kipato cha juu. Mfuko wenye jina zuri uliwahamishia wenye nacho fedha za wasionacho, na kila mtu akapiga makofi. Kenya nayo ina mfuko wake wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii unaolishwa na kodi za ubashiri, na Tanzania ina mfuko wa maendeleo ya michezo. Swali la Georgia linauhusu kila mfuko wa aina hiyo, na haliwezi kujibiwa kwa kutaja viwanja vilivyokarabatiwa.

Hesabu inazidi kuwa ngumu kwa sababu dau halikai nchini. Aliyefikiri kwamba hilo ni tatizo jipya la simu za mkononi atasahihishwa na historia ya Uingereza, ambako serikali ilikuwa ikitoza asilimia 6.75 ya dau hadi mchezesha kamari Victor Chandler alipohamia Gibraltar mwaka 1999 na kuwapokea wateja wa Uingereza kwa simu bila mzigo ule. Wengine walipoanza kumfuata, hazina ya Uingereza ilikubali yaishe, na Oktoba 2001 ikafuta ushuru wa dau na kuweka asilimia 15 ya faida ghafi. Hata hivyo haikutosha, na mwishoni mwa 2014 nchi hiyo ikabadili msingi wenyewe kwa kutoza kodi mahali alipo mchezaji, popote ilipo kampuni. Somo lililomo ni la fedha za kimataifa kwa ujumla: msingi wa kodi unaoweza kuhama kwa kubonyeza kitufe hauwezi kubeba kiwango ambacho ardhi au mshahara hubeba.

Afrika Mashariki ina tofauti moja ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mbashiri wa London wa mwaka 1999 alilipa kwa kadi ambayo benki yoyote duniani ingeipokea, ilhali mbashiri wa Nairobi au Mwanza hulipa kwa pochi ya simu, ambayo iko chini ya mamlaka ya nchi yake. Julai 2019, Kenya ilipokataa kuzihuishia leseni kampuni 27, haikuhitaji kuzuia tovuti hata moja. Iliagiza namba za malipo za kampuni hizo zifungwe, na mtiririko ukakatika. Septemba mwaka huo kampuni za ubashiri za SportPesa na Betin zikatangaza kusitisha shughuli zao nchini, katika mgogoro uliohusu kodi. Mlango wa pesa za simu unaipa dola nguvu ambayo Uingereza haikuwa nayo, mradi wachezaji hawajahamia kwenye kadi na sarafu za kidijitali.

Nguvu hiyo lakini inasimamia kuingia kwa dau tu. Kutoka kwa faida ni habari nyingine. Sekta hii ina wanahisa wa kigeni, mitambo inayokodishwa kutoka nje na ada za leseni za programu zinazolipwa kwa fedha za kigeni, na kila malipo ya aina hiyo hupunguza faida inayoonekana nyumbani. Mwaka 2017 SportPesa ilisaini mkataba wa kudhamini klabu ya Everton, ambao vyombo vya habari vya Uingereza viliukadiria kuwa pauni milioni 9.6 kwa mwaka, kabla haujavunjwa mapema mwaka 2020. Mashabiki waliojazana Uwanja wa Taifa Dar es Salaam mwaka 2017 kuitazama Everton ikicheza na Gor Mahia walipata burudani halali. Lakini katika vitabu vya urari wa malipo, yaani hesabu ya fedha zinazoingia na kutoka nchini, tangazo kwenye jezi ya klabu ya Uingereza ni huduma iliyoagizwa kutoka nje, na mnunuzi wake wa mwisho ni aliyesuka mkeka. Upatu hauna mstari kama huo katika hesabu zake.

Ikiwa mahitaji ni ya mkupuo, basi kuna bidhaa ambayo ingeweza kuyakidhi bila kato: akiba yenye zawadi, ambapo mwenye akaunti hapotezi fedha alizoweka, na riba ya wote hukusanywa na kugawiwa wachache kwa kura. Uingereza imekuwa nayo tangu 1956, serikali ilipoanza kuuza hati fungani za zawadi zinazochezeshwa kwa mashine iliyopewa jina la ERNIE. Afrika Kusini ilijaribu mwaka 2005, First National Bank ilipofungua akaunti iliyotoa randi milioni moja kwa mteja mmoja kila mwezi, na utafiti wa Shawn Cole, Benjamin Iverson na Peter Tufano ukaonyesha kwamba wateja waliongeza akiba yao kwa jumla badala ya kuihamisha tu kutoka akaunti nyingine. Mwaka 2008 akaunti hiyo ilifungwa, baada ya mahakama ya rufaa kukubaliana na bodi ya bahati nasibu ya taifa kwamba ilikuwa bahati nasibu isiyo halali. Benki ilipigwa marufuku kuuza kura isiyomfilisi mtu, na iliyobaki sokoni ikawa ile inayomfilisi. Ni nadra sheria kujieleza kwa uwazi kiasi hicho.

Julai 2025 Kenya ilibadili tena msingi wa kodi. Ushuru wa dau uliondolewa, na badala yake asilimia 5 hutozwa mbashiri anapoingiza fedha kwenye pochi yake ya kubeti, na asilimia nyingine 5 anapozitoa, ikichukua nafasi ya asilimia 20 iliyokuwa ikikatwa kwenye ushindi. Kiutawala ni hatua ya busara, kwa sababu pochi ni rahisi kuikagua kuliko kila mkeka. Lakini kodi iliyokaa mlangoni haioni kinachoendelea ndani. Anayezungusha shilingi 1,000 zilezile kwenye mikeka 20 usiku mmoja halipi zaidi ya aliyecheza mara moja, ilhali chini ya ushuru wa dau kila mzunguko ulikuwa na bei yake. Anayeshinda na kutaka kuondoka na mkupuo wake akanunue cherehani anakatwa, na anayeuacha ndani auchezee tena hakatwi. Hata aliyeweka 1,000, akajuta kabla ya kubeti na kuzitoa zilizobaki, ameshatozwa mara mbili.